Paipu, meza ya Bibi na biti: shajara ya mradi wangu wa Glasgow

Naiweka hii shajara wazi ili mwenye kutaka kufuata afuate, na mwenye kutaka kuiga aige bila kulipia makosa niliyokwisha kuyalipia mie. Mradi wenyewe ni vipande viwili vya muziki wa kucheza, biti za kompyuta, ila ndani yake muziki wa asili wa Uskoti uliopigwa na kuimbwa na wenyewe, sio sampo (vipande vya sauti vilivyokwisha kurekodiwa) za kununua. Kimoja cha paipu (ile zumari ya mfuko, humu nitaiita paipu tu), cha pili cha nyimbo za kazi za akina mama wa visiwani. Mie ni wa Mombasa, Glasgow huu mwaka wa saba, nafanya kazi shifti ya usiku na muziki naufanya mchana. Gharama zote ni kwa pauni.

12 Januari 2025: mwanzo, na kosa la kwanza

Watu huniuliza mtoto wa Majengo na paipu wapi na wapi. Ni sikio tu. Mara ya kwanza nasimama karibu na mpiga paipu, pale Buchanan Street, mwili ulinisisimka kwa sababu nilisikia nzumari, na baadaye nilipokuja kuchungulia ndani nikakuta kweli ni ndugu: bomba la kuchezea vidole lina tete la mapande mawili yanayotetema pamoja, vile vile kama nzumari yetu ya ngoma na harusi. Kwetu fundi anajaza hewa mashavuni, anavuta pumzi kwa pua huku bado anapuliza ili sauti isikatike, hawa wenzetu kazi ya mashavu wameupa mfuko. Halafu wakaongeza mabomba matatu ya mvumo yanalala begani, mawili ya kati na moja la besi, yanashika noti moja mwanzo mpaka mwisho.

Na kuchanganya huku hakuanzi na mie. Mwaka 1992 bendi ya Capercaillie waliingiza wimbo wa Kigaeli (lugha ya zamani ya Uskoti) kwenye 40 bora za Uingereza kwa mara ya kwanza, na ulikuwa wimbo wa kazi wa akina mama. Bendi ya Afro Celt Sound System kwenye albamu yao ya kwanza ya 1996 walikuwa na Ayub Ogada wetu na nyatiti yake. Niteworks wa kisiwa cha Skye wamejaza kumbi kwa Kigaeli na sinthi (kinanda cha umeme kinachotunga sauti). Lakini aliyenifanya nianze ni Martyn Bennett, alikuwa anapiga paipu na fidla, akaja kuugua saratani mpaka ala hawezi tena kuzishika, ndipo akajenga albamu yake ya 2003 kwa sauti za waimbaji wa zamani na biti nzito. Alifariki Januari 2005 ana miaka 33. Nimeisikiliza ile albamu kwenye basi la saa kumi na moja alfajiri natoka kazini zaidi ya nyingine yoyote.

Sasa kosa. Nikaingia Tobar an Dualchais, ile hazina ya mtandaoni yenye maelfu ya rekodi za School of Scottish Studies ya Edinburgh, za BBC na za mkusanyo wa kisiwa cha Canna, nikakuta mama anaimba peke yake bila ala, sauti inakwaruza uzuri, nikainasa, nikaikata vipande vya nusu sekunde nikavipanga juu ya kiki (ile ngoma nzito ya chini) ya 122 BPM, yaani mapigo 122 kwa dakika. Nilifurahi nacho usiku mzima. Asubuhi nikamshukia Bibi nimsikilizishe.

Bibi ni jirani yangu wa ghorofa ya chini, mzaliwa wa kisiwa cha Lewis, Kigaeli ndicho alichonyonya, miaka 80 na kitu. Namwita hivyo hivyo "Bibi" na keshazoea. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, halafu akaniuliza, "Unajua huyu mwanamke anasema nini?" Sikujua. Ni wimbo wa kumlilia mtu aliyezama baharini. Na mie nilichokata ni *mo ghaol*, yaani mpenzi wangu, nimelikata neno katikati, nusu yake inajirudia mara 16 juu ya kiki.

Niliona haya kwelikweli. Nikawaza mtu amchukue nyanya yangu akiwa msibani analia, amkate "mwanangu" ibaki "mwa, mwa, mwa" watu wairukie dansi. Nikafuta faili lote mbele yake. Tena hata ningetaka kulibakiza nisingeweza, maana ile hazina imewekwa watu wasikilize, ukitaka kuitumia kwenye kazi yako unaomba ruhusa kwanza. Wimbo wenyewe unaweza kuwa wa karne na karne hauna mwenyewe, lakini ile rekodi inaye na ile sauti inaye.

Kuanzia leo maneno yenye maana sikati. Na nitarekodi watu walio hai, wajue kinachofanyika.

Gharama: sifuri.

1 Februari 2025: paipu siku ya kwanza, imeharibika

Mwisho wa Januari usitafute mpiga paipu, tarehe 25 ni usiku wa kumkumbuka Burns, mshairi wao, na kila mmoja ana shughuli, haggis (chakula chao cha maini na moyo wa kondoo) inaingizwa ukumbini kwa paipu. Nikasubiri wiki. Nimempata kijana wa bendi, mtu mstaarabu sana, pauni 100. Nyumbani haiwezekani, paipu inapita desibeli 100 na hizi fleti za mawe zinabeba sauti mpaka ngazini, kwa hiyo nikakodi chumba cha mazoezi kwa muda wa saa 3 kwa pauni 42.

Yaliyoharibika ni matatu, nayaandika kwa kirefu kwa sababu kila moja ningeliepuka kama ningepata mtu wa kuniambia.

La kwanza, maiki. Niliiweka sentimita 30 kutoka kwenye bomba la vidole, kama unavyomrekodi mwimbaji. Sauti ikapasuka, na hata pale isipopasuka mvumo haumo kabisa, kwa sababu mabomba ya mvumo yanatoa sauti juu, kule begani nyuma ya kichwa. Nimerekodi nusu ya ala.

La pili, mdundo wa kufuata. Nikampa hedifoni zenye tiki ya 128. Kwanza hasikii, paipu yenyewe inaifunika tiki, na kuipandisha sauti zaidi ni kumuumiza masikio. Pili 128 ni mbio. Nilikuwa nimehesabu kama prodyuza, sio kama mchezaji. Rili (aina ya muziki wa dansi wa Kiskoti) kwenye kila pigo la mguu ina noti nne, sasa 128 mara nne ni noti 512 kwa dakika, zaidi ya nane kila sekunde, na katikati yake anatakiwa aweke vile vinoti vya kugusa. Na vile vinoti si pambo! Paipu haina sauti ndogo wala kubwa, haina kunyamaza, mfuko ukishajaa inalia tu, kwa hiyo kama noti moja inakuja mara mbili mfululizo njia pekee ya kuzitenganisha ni kugusa kidole kwenye noti nyingine haraka sana katikati. Ukimkimbiza mpaka akaviacha, muziki unakuwa uji.

La tatu ni baridi. Chumba hakina hita. Tete likiwa la baridi linalia chini, likipata joto na unyevu wa pumzi linapanda. Sikulijua hilo mpaka nimefika nyumbani, nikapima: rekodi ya kwanza noti ya A ya paipu iko 472 Hz (mitetemo kwa sekunde), ya mwisho iko 478. Tofauti ni senti 22 hivi (nusu toni moja hugawanywa senti 100), huwezi kuchukua kipande cha huku ukakiunga na cha kule, sikio linakataa.

Gharama: 142, na hakuna hata sekunde moja ya kutumia.

16 Februari 2025: kuielewa tuni ya paipu

Wiki mbili sijarekodi kitu, nimekaa na zile rekodi mbovu nazisoma, na nimejifunza ndani yake kuliko kwenye video zote nilizotazama.

Kwenye karatasi wanaandika A. Ukiipima si A, iko juu hata ya B flati: B flati ni 466, yetu 478, yaani senti 43 juu, karibu inaelea katikati ya vibao viwili vya kinanda. Kwa hiyo ukiweka sinthi yako ya kawaida lazima ipigane. Dawa ni rahisi: sipandishi wala sishushi paipu, nimesogeza sinthi zote juu senti 43 kwenye mpangilio wa tuni na ninapiga kwenye B flati. Nimejaribu na kinyume chake, nikaishusha paipu kwa programu, vile vinoti vya kugusa vikatandazika kama siagi. Usiiguse paipu, gusa mashine.

Nikadhani nimemaliza, nikaweka kodi nzima, yaani noti tatu kwa pamoja, pana, ya kujaza ukumbi. Ikatetemeka vibaya. Nikabadili sauti tatu nne za sinthi, bado. Saa mbili nzima nafikiri ni kebo. Kumbe paipu haifuati mgawanyo wa kinanda, noti zake zimekaa zikitulizana na ule mvumo, na noti ya tatu inakaa senti 14 hivi chini ya ile ya kinanda. Kwenye A ya 478 hiyo ni tofauti ya karibu 5 Hz, ndiyo ule mtetemo nilioukosea kebo, mara tano kila sekunde. Noti ya tano lakini inaachana na kinanda kwa senti 2 tu, hata hutajua. Nikaitoa ile ya tatu kwenye kodi zote nikabaki na ya kwanza na ya tano. Papo hapo vyote vikafunguka, kama mtu kafungua dirisha. Noti ya tatu waachie paipu wenyewe, ni yao.

Kitu kingine kilichotoka kwenye namba: bomba la besi liko oktava mbili chini ya A, 119.5 Hz. Nusu yake ni karibu 60. Nimeitungia kiki yangu hapo hapo 60, na sasa kiki na mvumo vinakaa kama baba na mwana.

2 Machi 2025: paipu mara ya pili

Hii naibana, imeenda vizuri. Nimenunua maiki ya pili ya mtumba (70), kebo na kipunguza sauti (24). Chumba chenye hita, kwa muda wa saa 4 (56). Maiki moja mbele mita moja na nusu kwa urefu wa kiuno, nyingine nyuma juu ya bega kwa ajili ya mvumo. Alipasha paipu dakika 20 kabla sijabonyeza rekodi, na kila baada ya rekodi mbili nikapima upya. Zote zimekaa 478.

Tiki nimeiacha kabisa. Kwanza nilijaribu taa ya simu iwake na kuzima kwa mwendo, akawa anaikimbiza taa, upigaji ukakakamaa. Nikamwambia kaka piga unavyopigia wachezaji, tumia mguu wako. Akapiga jigi (dansi nyingine ya Kiskoti) mbili na rili moja huku kiatu kinagonga sakafu, na nilipopima baadaye jigi yote imecheza kati ya 114 na 117. Huyo ni binadamu anatosha kuwa saa. Nikaichukua programu nikaiambia ifuate mguu, sio mguu uifuate programu. Kile kiatu nimekiacha ndani ya miksi, kinasikika ukisikiliza kwa makini.

Alichukua 50 tu safari hii, akasema na yeye baridi ya ile siku ya kwanza alitakiwa anionye.

16 Machi 2025: jigi na ngoma za nyumbani

Nimeichagua jigi, sio rili. Jigi ni 6/8, kila pigo la mguu lina noti tatu. Nikaiwekea kiki nne sawa chini, haihati (visahani vya chuma) zile za kawaida zinazogawa pigo mara nne, sneya (ngoma ya mlio mkali) kwenye mbili na nne. Ilikufa. Sijui niseme vipi, jigi ni kitu kinachoruka na mie nilikuwa nimekipiga pasi. Haihati zinagawa nne, paipu inagawa tatu, kila pigo vinagongana mlangoni.

Nilikaa nayo siku tatu, nikarudi kazini, na ni kule kazini nikiwa nasukuma troli nikajikuta nagonga kwa vidole mkao wa chapuo, ule wa chakacha. Na chakacha ni 6/8! Mie nimelelewa na hicho kitu, nikiwa mdogo nalala nasikia msondo na vumi harusi ya mtaa wa pili, halafu naenda kuuliza video za vijana wa Berlin jinsi ya kuipangia 6/8.

Niliporudi nikazifuta haihati zote, nikaziandika upya kwa tatu, na mkazo wake nikauweka pale mkono wa chapuo unapoweka, sio mwanzoni mwa kila pigo. Kiki ikabaki nne chini. Jigi ikanyanyuka. Nikamtumia mpiga paipu, akajibu kwamba sasa anaweza kuona miguu ya wachezaji.

Nilijaribu kuweka na ngoma zenyewe za chakacha, sauti za chapuo halisi, nikazitoa. Zilikuwa nzuri lakini zilivuta kila kitu kuja pwani, na hiki kipande ni cha hapa. Mkao tu umebaki, kwenye haihati, na anayejua atausikia.

Mambo mawili ya miksi kwa wanaofuata. Usikandamize paipu kwa kompresa (kifaa cha kubana sauti kubwa na ndogo zikaribiane), haina kupanda na kushuka, utapandisha tu makelele ya chumba. Badala yake nimeufunga mvumo kwa kiki, kila kiki ikigonga mvumo unainama na kuinuka tena, na ile noti moja isiyokatika imeanza kupumua, hapo ndipo ukasikia kwa mara ya kwanza kwamba hiki ni kitu cha klabu. La pili, paipu inakalia masafa yale yale ya sneya kali na sinthi za kung'aa. Nilihangaika na ikwalaiza (ya kupandisha na kushusha masafa) nikaacha, nikapanga upya: paipu ikiingia, sneya na sinthi zinatoka. Wapishane, kama watu kwenye ngazi.

Kipande cha kwanza kimefungwa.

12 Aprili 2025: meza ya Bibi

Kipande cha pili kilianza kwa Bibi mwenyewe. Tangu Januari nimekuwa nikimpelekea chai na kumuuliza, akanieleza *luadh*. Kitambaa cha sufu kikitoka kwenye mtambo wa kufumia kinakuwa kimelegea, kinatakiwa kigandane na kuwa kizito, basi kilikuwa kinaloweshwa mkojo uliolala, wanawake wanakaa pande mbili za meza ndefu, wanakipiga mezani na kukisogeza mkono kwa mkono kufuata jua linavyozunguka, masaa. Nyimbo ndizo zilizobeba ile kazi: mmoja anatoa mstari, wote wanaitikia. Mtu aliyewahi kusikia wanawake wanatwanga kinuni haelezwi zaidi. Kazi yenyewe ilishaachwa, nyimbo zimebaki.

Na kiitikio chake mara nyingi si maneno, ni silabi tupu, *hì rì, ho ro*, ila usidhani ni za kujazia, kila wimbo una silabi zake na Bibi akisikia silabi peke yake anakwambia wimbo. Nikamuuliza kwa adabu, hizi naweza kukata? Akasema hizo kata, hizo ni za mikono.

Nilipanga Jumapili, akakataa katakata, kwao Lewis Jumapili ni ya kanisa. Ikawa Jumamosi. Wakaja wenzake watatu, wote wanajua hizi nyimbo toka utotoni. Blanketi la sufu la mtumba (8), limeloweshwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Nauli ya teksi na vitafunio 36, na nikawapa 30 kila mmoja, jumla 120, hawakutaka, nikasema hapana, kazi ni kazi. Maiki moja juu yao, moja nimeifunga chini ya meza.

Naomba niieleze ile dakika ya kwanza. Jikoni kudogo, kioo cha dirisha kimeshika mvuke, wamama wanne wamekunja mikono ya sweta. Bibi hakuhesabu wala hakukohoa. Aliliinua blanketi akalishusha, *du*, wenzake wakashika, *du*, vijiko kwenye sinki vikaruka, na la tatu likaja na wimbo juu yake. Maji yananirukia usoni. Kwenye hedifoni, kwenye ile maiki ya chini ya meza, kulikuwa na kiki ambayo sijawahi kuisikia kwenye mashine yoyote, mbao na sufu iliyolowa na mikono minane.

4 Mei 2025: makosa mawili ya mwendo

Wimbo tuliouchagua una dakika nne na nusu. Unaanza 104 BPM na kuishia 117, wanaongeza kadiri mikono inavyopata moto, na hakuna aliyeamua kuongeza.

Kosa la kwanza: nikalazimisha wote wakae 110, kila pigo la meza limebanwa kwenye mstari wake. Mwanzoni sauti zimeharakishwa, mwishoni zimevutwa, zikawa kama za roboti, mate na pumzi vyote vimepotea. Wiki moja ya kazi, nimeitupa.

Kosa la pili lilikuwa la kutaka njia ya kati. Nikabana mwanzo wa kila mstari tu, ndani ya mstari nikawaachia. Sauti zikarudi, lakini sasa kiki yangu na meza yao zinagonga karibu pamoja, sio pamoja, unasikia *du-duk*, kama mtu anachechemea. Nilijaribu kuishusha meza ili isisikike na hapo ndipo nilipojishika. Naishusha meza! Kitu nilichokifuata ndicho nakificha ili mashine yangu isiumbuke.

Basi nikafanya kama kwa paipu. Nimekaa jioni tatu nimeweka alama kwa mkono kwenye kila pigo la meza mwanzo mpaka mwisho, programu ikajenga ramani ya mwendo kutoka kwao, na biti yote inapanda nao kutoka 104 mpaka 117. Kiki ya mashine nimeitoa. Kiki ni meza. Chini yake nimeweka besi fupi ya 55 Hz tu ili spika kubwa ziwe na kitu cha kusukuma.

Wanaocheza muziki kwenye klabu watauliza watauungaje wimbo unaobadilika mwendo. Nimewawekea mizunguko 16 ya meza peke yake mwanzoni kwa 104 tuli, na 16 mwishoni kwa 117 tuli. Waingilie hapo, watokee pale.

25 Mei 2025: sauti zinazopanda

Hili sikulitarajia. Nimemaliza besi, mwanzo mzuri, dakika ya tatu kitu kinaanza kuchacha. Nikapima nikakuta wamama wanaanza karibu na A na mpaka wanamaliza wamepanda senti 40. Wanne wote kwa pamoja, bila ala ya kuwashika, kwa hiyo wao wako sawa kabisa wenyewe kwa wenyewe, asiyepanda ni besi yangu.

Rafiki mmoja akanishauri niwarekebishe kwa programu ya kunyoosha sauti. Sikufanya, wala sitafanya. Nimeichorea besi mstari mrefu wa tuni unaopanda senti 40 ndani ya dakika nne na nusu, pamoja na ile sauti ya juu ya sinthi. Mtu hatajua kwamba kimepanda, atahisi tu kwamba chumba kimekuwa na joto.

Silabi za *hì rì* nimezikata na kuzicheza kati ya beti, kama nilivyoruhusiwa. Mistari yenye maneno iko mizima, hakuna neno lililoguswa, na Bibi ameukagua mstari mmoja mmoja na miwani yake, mara mbili akanirudisha kwa sababu pumzi ya mwisho nilikuwa nimeikata mapema.

14 Juni 2025: jaribio, na hesabu

Jana usiku vipande vyote viwili vimepigwa kwenye ukumbi wa jumuiya, baada ya dansi ya kawaida ya ceilidh (mkusanyiko wa Kiskoti wa muziki na kucheza), watu kama 60 hivi. Mwenye spika alinipa dakika 15. Jigi ilishika mara moja, watu wamejipanga kwa mazoea yao ya ceilidh bila mtu kuwaita. Kipande cha pili kilichukua muda, dakika nzima ya kwanza walisimama wakisikiliza, wengine nyuso zimebadilika, halafu mwendo ukaanza kupanda na wakaanza kugonga meza za pembeni. Sikuwafundisha. Mzee mmoja alikuwa anaitikia kiitikio chote.

Kasoro zilizobaki: meza ina mwangwi mdogo wa 200 Hz ambao kwenye spika kubwa unavuma, naupunguza wiki hii. Na kwenye jigi, mahali sinthi inaporudi baada ya paipu, inarudi na nguvu kupita kiasi, nitaishusha desibeli 2.

Jumla: vyumba 98, mpiga paipu 150, maiki na vifaa 94, blanketi 8, teksi na vitafunio 36, wamama 120. Pauni 506. Ukianza na chumba chenye hita na maiki mbili, toa 142 za siku ya kwanza.

Bibi hakuja ukumbini, magoti yanamsumbua. Leo mchana nimemshukia na spika ndogo, nikaiweka juu ya ile ile meza. Alisikiliza mkono wake uko juu ya mbao. Kisha akaniomba CD mbili, dada yake yuko Lewis na hana kingine cha kupigia. Moja yenye biti kwa ajili ya wajukuu wa dada yake, na moja ya sauti na meza tu. Duka la karibu hawauzi tena CD tupu, Jumanne nikitoka shifti naenda kutafuta mjini.